Meza Niliyompangia Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Sahani ikikaa upande naiona nikiwa bado mlangoni. Uma ukiwa umegeuzwa, mtu anaweza kunisimulia habari za kufa na kupona nisisikie hata neno moja. Mume wangu husema ningeolewa na rula, na huwa simjibu kwa sababu ni kweli.

Kazi hii ya kupamba meza niliipata kwa bahati tu. Nilikuwa nafanya usafi kwa mama mmoja mjane huko Kitisuru, katika nyumba yenye miti mingi hivi kwamba sebuleni taa huwashwa saa sita mchana. Kila mwezi alialika watu chakula, na kila mara meza ilikuwa na mada yake. Mwezi mmoja mada ilikuwa mvua: kitambaa cha kijivu, glasi za buluu, majani mabichi yaliyonyunyiziwa maji dakika chache kabla wageni hawajakaa. Mwezi mwingine ilikuwa chai, na birika kuukuu lililotoboka likawekwa katikati badala ya maua. Mimi nilikuwa nafagia huku shingo ikiniuma kwa kuchungulia.

Siku moja mtu wa maua hakufika. Wageni walikuwa wanakuja saa saba, na mama wa watu amekaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Nikatoka nje bila kuomba ruhusa, nikakata matawi ya mti wa blugamu na ndimu zilizokuwa zikioza mtini, nikazipanga nilivyoona inafaa. Alisimama akatazama, akazunguka meza mara mbili. Kisha akaniambia niweke ufagio chini, nisiushike tena.

Yeye ndiye alinifundisha yote ninayoyajua. Maua yasipite kidevu cha mtu aliyekaa, maana watu hawajaja kuzungumza na maua. Mshumaa wenye harufu usikae karibu na chakula. Lakini kubwa kuliko yote, alisema, ni nani anamtazama nani. Watu unaotaka wapendane wapange uso kwa uso, wapitishiane chumvi, na kabla nyama haijaisha watakuwa wamezoeana. Nililishika neno hilo kama amri ya kanisani. Nimelitumia kwa ndugu waliogombania shamba, kwa majirani waliokosana kwa ajili ya mbwa, na sijawahi kuona likishindwa. Nikaanza kuitwa nyumba hii na ile, na leo ndiyo kazi inayonilisha.

Sasa, mama yangu hakuwa amewahi kula kwangu.

Nimeolewa miaka mitano. Mume wangu ni Mkikuyu wa Wangige, fundi wa meza na makabati, karakana yake iko pale kando ya Barabara ya Ngong. Mimi kwetu ni Bungoma, ingawa nililelewa na mama mdogo hapa Nairobi, mtaa wa Kangemi, tangu darasa la tatu, kwa sababu nyumbani tulikuwa wengi na yeye hakuwa na mtoto. Nilipoolewa, watu wa kwetu walisema nimeenda mbali. Mama hakusema kitu. Lakini kila nilipompigia simu kumwambia aje kwetu mtaa wa Jamhuri aone nyumba, alikuwa na sababu: mahindi yanataka kupaliliwa, kuku amelalia mayai, goti limekataa. Tulipoenda nyumbani Krismasi alimpakata mtoto wetu siku nzima, akaimba naye, akamwogesha. Kwangu hakuja.

Basi nikajiambia kwamba hampendi mume wangu. Wacha niseme wazi, hilo liliniuma kuliko kitu chochote. Kwetu, mama akila kwa binti yake, ameikubali nyumba ile. Asipokula, hata akifika mpaka sebuleni akakaa saa nzima, atarudi nyumbani akiulizwa aseme, "Nilipita tu." Miaka mitano mama yangu alikuwa hajapita hata kupita, nami napanga meza za watu wapatane.

Kisha macho yakamleta. Lile la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na daktari wa Bungoma akamwandikia barua aje Nairobi. Alifikia kwa dada yake Kangemi, akaonwa Ijumaa, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu kufanyiwa upasuaji. Basi lake la kurudi lilikuwa Jumatatu asubuhi. Mama mdogo akanipigia simu akanong'ona kama mwizi, "Jumapili nitamleta kwako mchana. Pika."

Jumamosi nilienda Kenyatta Market kusukwa. Msusi wangu akanitazama kwenye kioo.

"Sasa, ni harusi?"

"Ni mamangu anakuja."

"Ah, basi wacha nikaze vizuri. Asiende kusema huku unateseka."

Alikaza mpaka nyusi zangu zikapanda. Niliteseka kweli, lakini nilipendeza.

Mada ya meza nilikuwa nayo miaka yote hiyo, imekaa ndani yangu ikisubiri: jiko la mama. Nilitandika kitambaa cha gunia nilichokifua mara tatu mpaka kikawa laini. Katikati nikaweka chungu cha udongo chenye masuke ya mtama niliyonunua sokoni Kangemi, mekundu meusi, yameinama kama yanavyoinama kwetu mwezi wa saba. Sahani zilikuwa za kahawia, za mitumba kutoka soko la Toi, hakuna mbili zinazofanana. Napkini nilizikunja nikazifunga kwa kamba ya mkonge. Badala ya visahani vya kuwekea glasi niliweka vipande vya maganda ya mgomba, vile vile mama alivyokuwa akiweka chini ya kikombe cha baba kisichome meza. Na kila kiti kilikuwa na kikadi nilichokiandika kwa mkono: Mama, Mama Mdogo, Mwenye Nyumba, Mimi. Mtoto hakuwa na kiti maana huwa hakai.

Mama nikamweka uso kwa uso na mume wangu. Chumvi nikaiweka katikati yao hasa. Nilirudi nyuma nikatazama, nikaona kwamba sijawahi kupanga meza nzuri kama ile hata kwa wenye pesa.

Walifika saa saba wametoka kanisani. Mama alikuwa amevaa gauni la maua na kitambaa cheupe kichwani, amebeba mfuko wa karanga na kuku hai aliyefungwa miguu. Kuku nikampeleka nyuma ya nyumba. Mama akasimama sebuleni akageuza lile jicho lake zima huku na huku: makochi, picha ya harusi, pazia. Akafika mezani. Akanyoosha mkono akashika suke la mtama, akalipima kwa vidole.

"Huu mtama umekomaa vizuri. Mbona umeuweka mezani? Unafuga kuku humu ndani?"

Mama mdogo akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu niliona jinsi alivyokuwa akilipapasa suke lile bila kuliachilia.

"Ni jiko lako, mama. Nimekuwekea jiko lako."

"Jiko langu halina pasi, na gunia hili limepigwa pasi." Lakini uso wake ulikuwa umelegea. Akagusa ganda la mgomba, akaguna kidogo, nikajua amemkumbuka baba.

Hapo ndipo mume wangu alipotoka chumbani. Alikuwa amevaa shati jipya, amenyoa, amenyoosha mikono yote miwili, maana kwao mama mkwe anasalimiwa kwa mkono na kukumbatiwa. Akasema kwa furaha, "Karibu mama, karibu sana, keti," akavuta kile kiti chenye kikadi cha Mama.

Mama akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama nyuma ya dada yake, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kikafunika shavu, akatazama sakafu. Kutoka kule nyuma akasema, "Mwambie nimefurahi kumwona. Mwambie asante." Kisha akatazama viti, kile cha mkwe na chake, vilivyokabiliana kama mabeberu wawili, akageuka akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mume wangu alibaki ameshika kiti. Sitasahau uso wake. Alinitazama kama mtu aliyevunja kitu katika nyumba ya watu na hajui ni nini.

Nilimfuata mama nje nikiwa nawaka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma karibu na kuku wake, mama mdogo amesimama kando. Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama. Nikamwambia miaka mitano nimemwita, ameona kilometa ni nyingi, na leo ameletwa na macho tu, si na mimi. Nikamwambia kama hampendi mume wangu kwa sababu ya kabila lake aseme, maana yule mtu ameamka alfajiri kupiga deki hiyo nyumba kwa ajili yake. Nililia nikisema, na nikiwa na hasira machozi yangu huja mengi.

Mama aliendelea kumpapasa kuku wake mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ni nani amekwambia simpendi?"

"Umekataa kukaa meza moja naye."

Alimtazama dada yake. "Huyu ulimlea wewe. Hukumfundisha?"

"Nilidhani anajua," mama mdogo akasema. "Mambo ya namna hiyo hata ng'ombe wa kwetu anayajua."

Ndipo wakanieleza, kwa zamu, kama watu wanaomvua mtoto mwiba. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi meza moja. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, na hawali mmoja akimwona mwenzake anatafuna. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote, kwa sababu yule mtu anakaa na mtoto aliyetoka tumboni mwako. Dada wa mama naye ni mama.

Niliposikia hilo la mwisho nilimgeukia mama mdogo. Miaka yote mitano amekuwa akija kwangu. Sasa nikahesabu siku. Alikuwa akija Jumatano, sikuzote Jumatano, saa nne, mume wangu akiwa karakana, na kabla ya saa kumi na moja alikuwa ameshashika mkoba. Wakikutana njiani alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Nilidhani ni aibu. Na nyumbani wakati wa Krismasi mume wangu alilishwa sebuleni na wajomba, mama akabaki jikoni, nikadhani ni kazi za jikoni tu. Hata kwenye harusi kila upande ulikuwa na hema lake. Mimi ninayejivunia kuona uma uliogeuka, hayo yote yalinipita mbele ya macho.

"Lakini mama, wewe ni mtu wa kanisa. Umeokoka."

"Nimeokoka, sijapoteza adabu."

"Na mbona hukuniambia? Miaka yote nakuita, unaniambia habari za kuku kulalia mayai."

Mama alimfungua kuku miguu kwanza ili apumzike. "Wewe ndiye uliniita," alisema. "Binti hamwiti mama yake kwa mumewe. Nyumba ni ya mwanamume, yeye ndiye huita. Nilikuwa nangoja aniite. Nikasema labda kwao hawaiti. Nikasema labda yeye ndiye hanipendi, wewe unanificha." Akafuta jicho lile bovu kwa ncha ya kitambaa. "Leo nimekuja bila kuitwa kwa sababu daktari amesema upasuaji huwa una mambo yake. Nilitaka nione mahali unapolala kabla hawajanishika jicho. Sasa nimeona. Ni pazuri."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeaga. Akaanza kumtafuta dada yake kwa macho ili waende. Mama yangu alikuwa anataka kuondoka kwangu na njaa, na sababu ilikuwa ni ile meza niliyompangia kwa moyo wangu wote.

Ndani ya nyumba kukasikika chuma kikilia.

Dirisha la chumba cha kulia linafunguka huko huko nyuma, na lilikuwa wazi. Nilikuwa nimesahau. Nikaingia mbio. Sahani zote na chungu cha mtama vilikuwa vimepangwa sakafuni kwa uangalifu, kando ya ukuta, na mume wangu alikuwa amelala chali chini ya meza na shati lake jipya, ameshika spana.

"Unafanya nini?"

"Shika hapo upande wa dirisha isianguke."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Shika."

Meza ile aliitengeneza mwenyewe tulipooana, na kwa sababu haikupita mlangoni alikuwa ameijenga kwa nusu mbili na kuzifunga chini kwa boliti nne. Zilikuwa zimeshika kutu kidogo. Mpaka boliti ya mwisho inatoka alikuwa na kutu usoni na mimi nimepiga magoti na nguo yangu ya Jumapili, nimekumbatia nusu ya meza. Nusu moja tukaibeba mpaka jikoni. Miguu ilikuwa miwili tu, kwa hiyo upande uliokatika akauegemeza kwenye sinki, akaupima kwa kiganja, akatia kibao chini ukakaa sawa. Nusu ya pili akaiegemeza kwenye kabati pale pale chumba cha kulia. Kati ya nusu hizo mbili ukabaki ukuta na mlango mmoja wazi.

"Panga," akaniambia.

Nikapanga upya. Masuke ya mtama nikayagawa, nusu huku nusu kule. Gunia nililikata kwa mkasi katikati bila kupima, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani. Sahani zile zisizofanana zikagawanyika, na kwa kuwa hazikufanana tangu mwanzo hakuna aliyejua ipi ni ya wapi. Pale jikoni nikaweka kikadi cha Mama na cha Mama Mdogo. Chumvi ilikuwa moja, nikaiweka kwenye kizingiti.

Mama aliingia kwa mlango wa nyuma akakuta meza imetandikwa karibu na jiko lenyewe, sufuria zinatoa mvuke. Akaketi. Mama mdogo naye akaketi. Niliwapakulia ugali wa wimbi, mrenda na kuku niliyekuwa nimempika asubuhi. Mama akanitazama.

"Firigisi umempa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Basi umefundishwa kidogo."

Akanawa, akafumba macho akaomba, akaumega ugali. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikatazama mkono ule ukienda kwenye mboga na kurudi mdomoni. Akatafuna. Akaumega tena.

Ukutani kwa upande wa pili nilisikia kiti kikivutwa, kisha kijiko kikigonga sahani. Mtoto alikuwa amekwishaanza safari zake, anakula tonge kwa bibi, anakimbia kwa baba kuomba nyama, anarudi. Mimi sikujua pa kukaa. Mahali pangu palikuwa kwa mume wangu, na moyo ulikuwa jikoni. Mwishowe nikaketi kwenye kizingiti kando ya chumvi, sahani magotini. Niliwaona wote wawili. Wao hawakuonana.

Mwanzoni mama alizungumza kupitia kwangu. "Mwambie hii nyumba ni imara." Nami namwambia mtu aliye hatua tatu kutoka kwake na anayesikia kila kitu. "Mwambie mama, asante." Ilikuwa kama kupokea simu za jirani. Kisha mama akauliza mbao za meza ni za mti gani, na kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu kwamba ni msaipresi wa kwao Wangige, alioupanda babu yake. Mama akasema kwao wana mti wa namna hiyo na mchwa hawauachi. Mume wangu akamwambia dawa ya mchwa ni oili chafu ya gari. Mama akauliza hainuki? Wakaenda hivyo, mchwa, mahindi, bei ya mbolea, jicho, daktari. Sauti zao zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu.

Kisha upande wa pili kiti kikasogea. Mume wangu alikuwa amesimama. Yeye ni mtu wa maneno machache, na anapotaka kusema jambo la maana hukohoa kwanza. Alikohoa.

"Mama," alisema akitazama ukuta, mikono ameishusha kama mtu anayesoma somo kanisani. "Mimi nilichelewa. Sikujua kwamba ni mimi. Sasa ndiyo nakuita. Ukirudi kwa daktari ufikie hapa. Na baada ya daktari, uje tu. Mimi ndiye nakuita."

Mama aliliweka tonge chini. Mama mdogo aliinamisha kichwa. Nikataka kuinuka nimfuate mama, naye akanizuia kwa kiganja.

"Nimesikia, mwanangu," alisema akielekea ukuta. "Nitakuja."

Mimi nilikuwa nalia hapo kizingitini, kamasi na yote, naona aibu mbele ya mtoto. Mume wangu alikuwa ameanza kusema kitu kingine, kuhusu chumba cha uani na kitanda atakachomtengenezea, kwa maana mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, si ndivyo? Mama aliinua uso akanitazama kwa lile jicho zima, akanifanyia ishara kwa mkono wenye ugali.

"Wewe toka hapo mlangoni," akasema. "Nataka kumsikia vizuri."

Nikabeba sahani yangu nikatoka.